Lenzi Pana na Mama Mkwe Aliyekaa Pembeni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana kila niliyemsimulia jambo hili alicheka kwanza ndipo akaniambia pole.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ya chumba kimoja, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi, nimeoa huu mwaka wa tatu, mke wangu ni nesi na tunaishi vizuri, hatugombani ila kuhusu nani amechukua chaja ya nani. Zamani kazi yangu ilikuwa picha za paspoti na harusi, lakini siku hizi watu wananiita niwapigie ndani ya maduka yao, saluni, madarasa na nyumba za kupangisha, na huko ndiko balaa lilikoanzia, kwa sababu vyumba vyenyewe ni vyembamba, unarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta na kabati bado halijaingia lote, unatoka nje upige ukiwa kwenye korido, unaambulia picha nzuri sana ya mlango. Basi nikaamua kutafuta lenzi pana, ile pana kabisa, inayomeza chumba kizima kutoka kona hadi kona.

Nina rafiki, mpiga picha mwenzangu, tunamwita Profesa kwa kuwa hakuna kitu ambacho hakijui, akaniazima ya kwake nijaribu kabla sijanunua. Mshauri, ile lenzi ni nzito kama pasi ya mkaa, kioo chake cha mbele kimevimba kama jicho la kinyonga, inaanzia milimita kumi na nne mpaka ishirini na nne, na inapokea mwanga hata chumba kiwe na giza kiasi gani. Nilipiga picha studio yangu, ikatoka kama ukumbi wa mikutano, nikajiona nimepanuka na mimi.

Sasa wiki hiyo hiyo baba mkwe akastaafu, ukoo mzima ukajaa sebuleni kwake kumpongeza, wengine kwenye makochi, wengine chini, wengine wamesimama nyuma wakibanana na pazia, nami nikaona hapa ndipo mahali pa lenzi yangu. Wakajipanga. Mama mkwe akachagua kukaa mwisho kabisa wa safu ya mbele, pembeni, ili awe karibu na mlango wa jikoni aangalie birika. Nikachungulia kwenye kamera. Nikaona. Lenzi pana huvuta kila kilicho pembeni, hilo nalijua, ni kazi yangu, na pale nilimwona mama wa watu anavutika kama unga uliokandwa, lakini mshauri, wewe ungemwambiaje mama mkwe wako, mbele ya ukoo mzima, inuka hapo ulipokaa? Nikasema "Tabasamu!" nikabonyeza.

Baba mkwe yuko katikati, ametoka kijana, mwembamba, suti imemkaa. Mama mkwe shavu moja limesafiri, kichwa kimelala kama tikitimaji, mkono ni kasia. Nilitaka kuifuta, lakini mke wangu alikuwa ameshaipeleka kusafishwa pamoja na nyingine, ikatolewa kubwa, ikatiwa kwenye fremu, ikafunguliwa kama zawadi mbele ya watu. Kisha shemeji yangu, dada wa mke wangu, akauliza, "Mama, siku hiyo ulikalia viti viwili?" Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mama naye akacheka, lakini nilimwona anavuta kitambaa cha kichwa taratibu, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndivyo mkwe wangu anavyoniona."

Tangu siku hiyo haongei nami moja kwa moja. Nikiwa nimekaa mbele yake anamwambia mke wangu, "Muulize mwenzio kama anaongeza chai."

Na sasa sikiliza mkosi. Mama mkwe ni mwalimu wa ushonaji, ana shule yake ndogo, vyumba viwili vilivyoungana, virefu na vyembamba kama ndani ya basi, na anatengeneza kibao kipya cha barabarani, anataka kipambwe na picha ya shule nzima, vyerehani vyote vionekane kwa mara moja. Akaleta ujumbe kupitia kwa mke wangu: "Mwambie aje Jumamosi. Lakini lile jicho lake asije nalo." Bila lile jicho, mshauri, nitapata vyerehani viwili na pipa la vitambaa!

Mke wangu anasema nitumie lenzi ya kawaida yaishe. Profesa anasema ninunue kama ya kwake, eti mpiga picha wa kweli haogopi uzito. Dukani kuna nyingine, ya kumi na sita hadi thelathini na tano, nyepesi, kioo chake cha mbele ni bapa na unaweza kukifunika kwa filta, ila haifunguki sana kwa mwanga kama ile ya Profesa. Nimekwenda kuitazama mara nyingi mpaka muuzaji akiniona ananivutia kiti. Ninunue ipi? Au niachane nazo zote? Na mama nimwambie nini?

Ni mimi, Mkwe Niliyekwama.

*

Mkwe Uliyekwama,

Pole. Nimejizuia mpaka kwenye viti viwili, hapo nikashindwa.

Sasa tuongee. Mimi mwenyewe ni mama mkwe wa wanaume watatu, na nitakwambia jambo ambalo hao wangu hawajathubutu kuniuliza: sisi hatuchukii kuambiwa tusogee. Tunachukia kugeuzwa kituko mbele ya watoto wetu. Wewe ulimwona mama wa watu anaharibika kwenye kamera yako, ukajua kwa nini, ukajua na dawa yake, kisha ukabonyeza! Hiyo unaiita heshima? Ungemwambia, "Mama, njoo ukae hapa katikati, karibu na baba," angeinuka anameremeta, na birika angeangalia mtu mwingine. Kwa hiyo acha kuisingizia lenzi.

Kuhusu lenzi yenyewe, mimi sijui lolote, picha zangu zote zina kidole changu. Nikamwita mpiga picha wa gazeti letu, bwana mmoja mpole anayetembea na kamera shingoni hata akienda kunawa mikono, nikamsomea barua yako. Aliniuliza swali moja tu.

"Anapiga nini zaidi, watu wanaocheza gizani au kabati?"

"Kabati," nikamjibu.

"Kabati halitembei. Aiweke kamera kwenye stendi, aiache ipokee mwanga kwa muda mrefu kidogo, picha itatoka safi. Hiyo pasi ya mkaa ya nini?"

Basi jibu lako ni hilo: nunua nyepesi. Bwana huyo anakubali kwamba kumi na nne ni pana zaidi kuliko kumi na sita, na katika chumba kidogo utaiona tofauti, lakini anasema ukisimama kwenye kona badala ya kusimama katikati ya ukuta utakipata karibu chote. Na hiyo nyepesi ina faida ambayo wewe hasa unaihitaji: wakiingia watu, unaivuta mpaka thelathini na tano, unarudi nyuma, hata kama ni kutoka nje uani, na nyuso zinabaki nyuso. Kile kioo kilichovimba anasema hakimfai mtu mwenye haraka kama wewe, utakikwaruza kabla ya mwezi kwisha. Ila usilipe kabla hujaifunga kwenye kamera yako palepale dukani. Piga rafu ya bidhaa ikiwa imekutazama sawasawa, kuza picha, angalia kona zote nne, na maandishi ya kwenye maboksi yakiwa uji, omba nyingine. Muuzaji akinuna, mwambie kiti chake kimekufundisha subira. Halafu kamera ishike sawa, usiiinamishe, ukiinamisha kuta zinalala kama walevi. Na pembeni mwa picha weka ukuta, pazia, mmea, chochote kisicho na mama.

Profesa mwache na uzito wake. Hakuombi umsaidie kuubeba.

Lakini hakuna lenzi itakayokufanyia lililobaki. Kabla ya Jumamosi nenda kwa mama mkwe, na uende peke yako. Mke wako apumzike, amechoka kuwa simu yenu. Beba kamera. Mwambie kwamba uliona, na kwamba ulinyamaza kwa aibu, kisha mwachie achungulie mwenyewe, umwekee kitu katikati halafu ukisogeze pembeni. Huyo ni mshonaji, anapima mabega ya watu kila siku, ataelewa upesi kuliko ulivyoelewa wewe. Na Jumamosi akisimama mahali pabaya, fungua mdomo. "Mama, sogea." Ni maneno mawili. Yafanyie mazoezi mbele ya kioo ikibidi.

Haya, nenda. Na uniletee habari.

*

Barua nyingine kutoka kwa msomaji huyo huyo

Mpendwa mshauri, nimekwenda.

Nilimkuta mama shuleni kwake anakata kitambaa mezani, aliponiona akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mwenzio yuko wapi?" maana hakuwa na mtu wa kuongea kupitia kwake. Nikasema nimekuja peke yangu. Akaendelea kukata. Nikamweleza yote nimesimama vile vile, kamera mkononi, mpaka akaweka mkasi chini.

"Kwa hiyo uliona kabla hujapiga?"

"Niliona, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa kukuhamisha mbele ya watu."

"Mimi nahamisha watu kutwa," akasema. "Wewe kaa hapa, wewe nenda kwenye cherehani kile, wewe toka kwenye mwanga wa mwenzio. Hakuna aliyewahi kufa. Lete hiyo kamera."

Lenzi nilikuwa nimeshainunua, ile nyepesi, baada ya kupiga rafu ya duka mara tatu na kuchunguza kona zake. Nikamwonyesha pa kuchungulia. Akaliweka lile sanamu la kupimia nguo katikati ya chumba, akachungulia, akanituma nilipeleke pembeni, akachungulia tena. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Mshauri, mama alicheka mpaka akakalia lundo la vitambaa. "Maskini," akaliambia sanamu, "na wewe umepata mkwe." Kisha akanigeukia: "Ndiyo maana baba yenu alitoka kijana?" Nikamwambia ndiyo, katikati ndiko kuzuri. "Akanisumbua wiki nzima eti kustaafu kumempendeza," akasema.

Jumamosi nilianza na wanafunzi. Mama alisimama mwisho wa mstari, karibu na dirisha, nikasema, "Mama, sogea kulia kidogo," sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga. Akasogea palepale, wala hakunitazama vibaya, kisha akaanza kuwapanga wengine yeye, "Jibaneni, jibaneni, hamsikii anavyosema?" mpaka nikakosa kazi. Hiyo nikaipiga kwa thelathini na tano, nimetoka nje kabisa, napigia mlangoni.

Halafu wakatoka wote, nikabaki na chumba kitupu. Nikaweka stendi kwenye kona, nyuma ya meza ya kupigia pasi, nikafungua mlango unaounganisha vyumba viwili, nikazungusha lenzi mpaka kumi na sita, nikaipa kamera muda wake. Nilipomaliza nikamwita mama aje aone kwenye kioo cha nyuma cha kamera.

Akafuta miwani kwa pindo la gauni. Vyerehani vyote vilikuwa pale, mstari mmoja mpaka mwisho, kila kimoja na kiti chake, na rafu za nyuzi juu yake, na gauni la mtu lililoshonwa nusu linaning'inia, na kwa kupitia mlango kile chumba cha pili chote, na madirisha yake mawili yakiwa na mwanga. Alitazama muda mrefu, kidole chake kikifuata ule mstari bila kukigusa kioo.

"Kumbe ni vingi hivi," akasema. "Miaka yote hii naviona kimoja kimoja."

Kisha akapaza sauti kumwita baba mkwe, aliyekuwa amekaa nje na redio yake, aiache aje aone.