Wakuu Wasio na Kitivo

Oran, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu kichwani na mkono wa kulia, na Mama nambusu mashavu yote mawili. Je, magoti yanakupa nafasi ya kulala? Mdogo wangu Nasera ameniambia kwamba baridi ya Tlemcen mwaka huu imekataa kuondoka, na kwamba bado unakwenda msikitini kwa miguu alfajiri ingawa daktari amekukataza. Sitakugombeza kwa barua, kazi hiyo namwachia Mama. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imekuwa adhabu kwetu sote wawili: mimi napiga kelele mpaka majirani wanasikia, nawe unajibu swali nisilouliza.

Ulimtuma Nasera aniulize ni watu gani hao wa kwenye kompyuta wanaozila Alhamisi zangu, ukatania kwamba huenda nimepata mchumba. Hapana, Baba. Ni wakuu wa programu za masomo vyuoni kama ile uliyonirithisha, zile zinazochanganya fani na hazina kitivo cha kuzilea. Unayajua mateso yake kuliko mimi. Kila mwaka nilizunguka kuomba mhadhiri wa sheria huku na mhandisi kule, na kila mlango niliambiwa niulize mlango wa pili. Kwenye kikao kimoja naibu mkuu wa chuo alinicheka mbele ya watu. "Wasila," akasema, "programu yako ni mtoto wa wake wenza. Kila mama anadhani amekula kwa mwenzie." Wote walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda ofisini nikajifungia.

Siku ile ndipo nilipoanza kuwaandikia wenzangu wa nchi nyingine, watu nisiowajua, nikiwauliza kama nao wanaishi hivi. Wa kwanza kunijibu alikuwa Daktari Nuhadi wa Tripoli ya Lebanoni, anayeongoza programu ya miji na historia. Aliandika neno moja tu: "Lini?" Tukafungua ukurasa wetu, tukapanga kukutana hapo mtandaoni kila Alhamisi alasiri. Mwanzoni ilikuwa aibu, watu watatu, mimi, Nuhadi na mwenzetu wa Omdurman, Sudani, tukitazamana kama wageni waliofika arusini kabla ya wenyeji. Umeme wa Nuhadi ulikuwa ukikatika katikati ya sentensi, naye akirudi anaimalizia palepale kama hakuna lililotokea. Hilo ndilo lililotuzoesha. Polepole wakaja wa Sousse, wa Irbid, wa Basra. Tukapeana mitaala na mbinu za kumbembeleza mkuu wa kitivo mwenye roho ngumu. Lakini zaidi, Baba, tulipeana mtu wa kumwambia.

Tuliweka kanuni moja: anayeingia awe mkuu wa programu. Kanuni hiyo ilitugeukia kwa sababu ya Daktari Tijani wa Omdurman. Vita vilipofika kwao alipotea kwa muda mrefu, tukawa tunaogopa hata kulitaja jina lake. Alhamisi moja uso wake ukatokea, amekonda, yuko Aswan, Misri, nyumbani kwa shemeji yake. Chuo chake kilikuwa kimechomwa. Kabla hatujamaliza kumpa pole, akasema mwenyewe, "Dada Wasila, sitaki kuwavunjia kanuni. Niondoeni. Programu sina tena, nina wanafunzi waliotawanyika na namba zao za simu."

Nuhadi ndiye aliyemjibu. "Tijani, usitutie uchungu. Mimi nina jengo na wanafunzi hawaji. Wewe huna jengo na wanafunzi wanakupigia simu. Mkuu hapa ni nani?"

Hakuondoka. Tangu siku hiyo kikundi kikapata kazi ya kweli. Kila mmoja wetu alikwenda kwenye chuo chake kuwaombea nafasi vijana wa Omdurman. Wengine walipata, wengine mpaka leo bado. Msichana mmoja tulimpatia Irbid, akazuiwa mpakani, na hatujamsikia tena. Tijani humtaja kila tunapokutana.

Baba, sasa nafika pale nilipokuwa nakwepa. Nasera amenieleza kwamba umeshaanza kuandika hotuba yako ya Septemba ya kuwapokea wanafunzi wapya, kama unavyofanya kila mwaka, na kwamba unamsomea Mama kurasa zake. Hakutakuwa na wanafunzi wapya. Baraza la chuo limeifunga programu.

Nilipinga kadiri nilivyoweza. Mwishowe naibu mkuu aliniita peke yangu, na safari hii hakutania. Alisema nikitia sahihi hati ya kuifunga kama mkuu, wanafunzi waliobaki watamaliza na kupewa shahada. Nikikataa, jambo litaburutwa, nao watabaki wananing'inia. Niliwaza wewe ungefanya nini. Nilitaka sana uwe umekaa kiti cha pili. Kisha nikatia sahihi. Kazi ya miaka yako yote imefungwa kwa mkono wangu, na nimeona heri uyasikie haya kwangu. Mimi wamenihamishia kitivo cha sheria nifundishe somo moja. Ramani yako ya bonde la Tafna niliiteremsha mwenyewe ukutani mwa ofisi kabla mafundi hawajaingia. Iko kwangu, haikuchanika.

Alhamisi iliyofuata niliwaaga wenzangu, kwa kuwa mimi si mkuu tena. Nuhadi alinikatiza. "Tijani yumo. Wewe unakwenda wapi?" Tijani hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Mzee anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Mimi baba yangu aliambiwa na jirani kwamba chuo kimeungua. Alidhani nimo ndani. Mwandikie, dada."

Wenzangu wanaomba uwasomee hotuba ile Alhamisi yoyote utakayopenda. Nasera atakuandikia maswali yao kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Sijui, Baba, kama hiyo ni heshima au ni kukualika kwenye chumba kitupu. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu.

Nitafika Ijumaa kabla ya swala. Ukiwa na hasira nami, usiihifadhi. Uniambie tukiwa mezani, nami nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Nisalimie Mama, Nasera na wote wanaokuulizia habari zangu. Mungu akuweke.

Binti yako,
Wasila