Kiti cha Mgonjwa

Mume wangu Magesa, mjukuu wangu wa huko Dodoma,

Nakusalimu nikiwa nimekaa. Hapa Makoko mama yako hajambo, mbuzi amezaa mapacha, na ziwa limepanda hadi bustani ya jirani. Figo zangu ni zilezile.

Umeniuliza kwa nini sitembei kama daktari alivyosema. Nilipokuwa msichana kule Kiriba, mama yangu mkubwa alivimba miguu. Wake za wanawe wakamnyang'anya jembe, wakamketisha kivulini, hata maji ya kunawa akaletewa. Akiinuka tu wanamkalisha: "Mama, watu watasema hatukutunzi." Kijiji kizima kiliwasifu. Yeye alikuwaga anaangalia mihogo yake tu. Siku alipotaka kusimama, hakuna aliyemzuia, ila miguu ilikataa.

Sasa ni mimi. Nikishika ufagio, mama yako anauchukua taratibu. Mwanzoni nikitoka kwenda barabarani mikono mitupu, watu wananiuliza naenda wapi. Nikisema natembea tu, wananihurumia na kunirudisha nyumbani.

Usimgombeze mama yako. Ni mkwe mwema, na jinsi ya kugombana na mtu anayenitunza hivi mimi sijafundishwa.

Jana niliinuka peke yangu nikafika mlangoni. Upepo wa ziwa ukanipiga usoni, nikatamani kufika hata kwa jirani. Nyuma yangu nikasikia mama yako anakuja mbio. Alikuwa amebeba kiti.

Nikamwambia asante, nikakaa.

Bibi yako