Mikono ya Mjane Katika Picha ya Mzee Faki

...na tena, Dada Maryam, usidhani namsifu mume kwa sababu ya ugeni wa ndoa. Salim wangu angekuwa chombo cha kauri ningemweka juu kabisa ya rafu, nisimguse ila kwa kitambaa laini. Nalitanguliza hili ili yanayofuata uyasome ukijua ninavyompenda. Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto. Na mama je, goti lake limekuwaje? Huku mtaani Kuze mwili wangu mzima, ila roho haina raha. Naogopa, Dada.

Nilikueleza habari za Mzee Faki, yule marehemu aliyemfundisha Salim kushika kamera ya sinema. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita mwendawazimu. Watu hapa hawakutaka kupigwa picha za sura, basi yeye akapiga za mikono, miguu na vivuli ukutani. Aliwapiga picha makuli wa bandari ya Kilindini wakishusha magunia, kisha akaizungusha filamu kinyumenyume, magunia yote yakarudi melini. Watu walicheka mpaka wakatokwa na machozi. "Nimewapumzisha kidogo," akasema.

Mzee alipokufa, Salim akaazimia kutengeneza picha ya sinema ya maisha yake, tena kwa namna ya Mzee mwenyewe: hakuna uso hata mmoja. Kuna kofia yake kwenye msumari. Kuna viatu vyake vikipanda ngazi, amevivaa Salim. Kuna kikombe cha kahawa kinapoa dirishani, kinapoa, hata unatamani kuinuka ukakinywe. Mwisho ni mke wa Mzee, yuko eda, anaipangusa kamera ya mumewe. Bibi huyo naye ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Salim akanijia mimi.

"Zuhura, nipe mikono yako tu. Nani atakujua?"

Dada, angeniomba macho ningempa. Nikakaa mkekani kwa nguo nyeupe, nikaipangusa ile kamera polepole, na yeye ananong'ona, "Uzuri ulioje!" Tulikuwa tumelewa mapenzi sote wawili. Hatukukumbuka kwamba hina ya harusi bado imenikoza mpaka vifundoni.

Juzi mwenye sinema akakubali picha ionyeshwe alasiri katika onyesho la wanawake, kabla ya ile ya Kihindi. Nilikaa na mavyaa wangu, mamake Salim. Alipoiona kofia akasema, "Masikini Faki, alikuwa akiivaa upande," akajifuta machozi. Ukumbi wote ulinyamaza, wanawake wale wale waliokuwa wakimcheka alipokuwa hai. Nilijaa fahari ya mume wangu, kifua hakikunitosha. Halafu ikaja mikono.

"Ee! Mjane gani huyu ana hina?" mmoja akapaza sauti huko nyuma.

"Keshapata mwingine huyo!"

Wakaangua kicheko. Mavyaa hakucheka. Maua yale ya hina alinichora yeye mwenyewe, jani kwa jani, kwa sababu hakutaka mtu mwingine anipambe. Akaushika mkono wangu, akaufunika kwa buibui lake, akaubana mpaka pete ikaniuma.

Tulipofika nyumbani akanigeukia mbele ya Salim.

"Mwanangu yu hai, anakula, anakwenda kazini. Wewe bibi harusi umekwenda kumkalia eda? Huu ni uchuro, Zuhura."

"Mama, ni picha tu," Salim akasema.

"Nawe nyamaza! Umejitengenezea mjane kwa mkono wako."

Neno hilo halinitoki. Salim ni karani bandarini, na mizigo inapita juu ya kichwa chake kutwa. Akichelewa kidogo nasimama nyuma ya mlango nasikiliza viatu. Jana alikohoa, nikalia. Yeye ananicheka, ananibusu kiganja, anasema hofu imenizidisha uzuri. Najiambia kwamba nimesoma, kwamba haya si ya kuamini, na bado naandika huku nimetega sikio mlangoni.

Mavyaa anataka kipande kile kikatwe na kichomwe mbele yake, la sivyo mimi nirudi kwetu. Salim hataki. "Nikikikata, Mzee Faki atakuwa hana aliyemlilia," anasema. Wamenuniana mama na mwana, na mimi katikati nampelekea kila mmoja chai yake. Leo asubuhi mavyaa aliniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha: "Mwandikie dadako, mwambie unakwenda. Kama anakupeleka kuwatembelea au anakurudisha kwenu kabisa, Salim ataamua mwenyewe."

Nikamuuliza Salim. Alikuwa anaviringisha filamu, hakuinua kichwa. Akasema, "Niache nifikiri, mpenzi."

Nisalimie mama, lakini haya usimwambie. Msalimie shangazi aliyenisuka, na baba mdogo anayesomesha chuo cha Kurani, amwombee Salim dua ya umri mrefu. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimefika Lamu, hilo ni hakika. Ukiniona nashuka gatini na Salim yuko nyuma yangu, piga vigelegele. Ukiniona peke yangu na sanduku, nipeleke moja kwa moja chumbani kwako, usiniulize kitu mbele za watu.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura