Mwanya wa Vidole Viwili

Mpendwa wangu wa mkono wa kushoto,

Leo nimerudi kutoka shuleni saa kumi nikakuta umeongeza mshono mmoja. Sasa ni mitatu. Niliketi kwenye stuli kando ya meza, mkoba bado begani, nikauangalia huo mshono kama mtu anayesoma majibu yake ya hospitali. Hii ni wiki ya kumi na moja tangu tukuzike kijijini kwenu Kwanza, Wangari, na mshono wako bado unalala upande uleule uliolalia tukiwa kidato cha pili.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimekuwa nikikufanyia, na sijamwambia mtu. Lakini niache nianze mbali kidogo. Nikianza na hilo nitaogopa kuendelea.

Unalikumbuka lile sweta? Nilifika bweni kutoka kwetu Chwele nikiwa na sweta lililokwisha kuvaliwa na dada zangu wawili, kiwiko kimetoboka hadi mkono unaonekana. Wewe ulikuwa kitanda cha juu. Ulishuka bila kuitwa, ukanivua sweta, ukachukua sindano kwa mkono wa kushoto. Nikacheka, nikakuuliza kama utashona ukirudi nyuma. Ukaniambia ninyamaze ama unishonee mkono ndani. Kiraka ulikikata kwenye pindo la sketi yako, kijivu juu ya bluu, na matroni akakupa wiki nzima ya kufyeka nyasi kwa kuharibu sare. Ulifyeka ukiimba. Mimi ndiye niliyelia.

Mwisho wa muhula nikataka kukupa kitu. Nilikata mkono mwingine wa lile sweta nikakushonea kimto cha kuchomekea sindano, nikakijaza pamba niliyochomoa kwenye godoro langu. Sikujua namna ya kumalizia. Nilifika mwisho, nikabaki na tundu, pamba inachungulia, na basi la shule linapiga honi getini. Nikakupa hivyohivyo, nikitazama chini. Uliingiza vidole viwili kwenye lile tundu, ukapima. Ukaniambia nigeuke. Niligeuka. Nilikusikia ukichakura kwenye sanduku lako, halafu nikasikia uzi ukivutwa, ile sauti ndogo ya kitambaa kikikwaruzwa. Uliponiruhusu kutazama, kimto kilikuwa kimefungwa.

"Sasa imefika," ulisema.

Hivyo ndivyo kanuni yetu ilivyozaliwa, kutokana na kazi yangu mbovu. Kila zawadi tuliyobadilishana tangu siku hiyo ilikuwa na mwanya wa vidole viwili. Anayepokea anatia ndani kitu kidogo asichokiona mwenzake, kisha anafunga kwa mkono wake mwenyewe. Kabla hajafunga, zawadi bado iko njiani. Tulishona vishikio vya sufuria, vifuko vya simu, samaki wa kuning'iniza funguo, yule kuku wa kitenge uliyemtuma nilipofeli usaili wa kazi ya kwanza. Wewe Kwanza, mimi Bungoma, vifurushi vikipitia ofisi ya vifurushi ya Kitale. Yule mama wa kaunta ya huku Bungoma alishatuzoea. Aliniuliza siku moja kama tunauza. Nikasema hapana. Akauliza, sasa faida yake nini? Nikalipia kifurushi nikatoka. Wewe nilipokusimulia ulicheka tu mpaka ukakohoa.

Kisha tukaanza blanketi la viraka. Linakaa miezi sita kwako na miezi sita kwangu, na kila mtu anaongeza viraka vyake. Ninalo hapa magotini ninapoandika. Upande wa chini, palipo mishono, mtu yeyote anaweza kutuona: yangu inainamia kulia, yako kushoto, safu kwa safu, kama watu wawili waliolala wakipeana migongo.

Julai ulinipigia kuniambia kifua kimeanza tena, ati ukungu wa Kitale umekuingia mbavuni. Nilikushonea mto mdogo kwa vipande vilivyobaki vya lile blanketi, nikaujaza majani makavu ya mkaratusi ili uvute hewa yake ukilala. Ilikuwa wiki ya kusahihisha mitihani. Kwenye meza kulikuwa na karatasi za kemia za madarasa matatu, na nilikuwa na hasira na kila kitu. Nilishona mto huku nikitazama saa. Nilifika mwisho na sikusimama. Niliufunga wote, nikapiga fundo, nikakata uzi kwa meno. Nilikumbuka kanuni yetu nikiwa nimeshatoka ofisi ya vifurushi. Ningeweza kurudi. Kutoka pale nilipokuwa hadi kaunta hapakuwa mbali, na kifurushi kilikuwa bado kwenye mizani. Nilijiambia wewe utaelewa.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo ulipiga simu. Sauti yako ilikuwa imekauka.

"Nasimiyu, si umenifungia nje, bana."

Nilijua mara moja unasema juu ya mto. Nilicheka kwa aibu, nikakwambia ufumue mishono kidogo kisha uufunge mwenyewe. Nilisikia magurudumu ya kitoroli yakipita.

"Haifunguki kutoka huku," ukasema. Halafu, kama mtu aliyekumbuka adabu, ukaniuliza nitakuja lini. Nikasema nikimaliza kusahihisha. Jumamosi ya wiki inayofuata. Ukasema sawa, utangoja.

Jumanne ukatuacha.

Nilikuja mazishi na kurudi siku hiyohiyo. Sikumbuki mengi zaidi ya ukungu uliokataa kuinuka hadi saa sita, mahindi yakiwa yamesimama ndani yake kama umati mwingine nyuma ya umati. Nilirudi tena shule zilipofungwa. Mama yako alinipa chai, akanipa blanketi letu, kisha akaleta kifurushi. Alisema ofisi ya Kitale ilimpigia simu, ati kuna mzigo wako umekaa wiki tatu bila mwenyewe, akaenda kuuchukua na kitambulisho chako.

Mkanda wa gundi ulikuwa mzima. Mwandiko wangu wa kalamu ya bluu ulikuwa umepita juu ya mkanda huo, kutoka karatasi hadi karatasi, bila kukatika. Nilimwambia mama yako haiwezekani, kwa sababu Wangari alinipigia akalalamika juu ya huu mto. Alikubali kwamba ulinipigia. Yeye ndiye aliyekushikia simu sikioni pale wodini. "Nilifikiri ni homa inaongea," alisema. "Hiyo mzigo hajawahi kuiona, mtoto wangu. Tulilala hospitali kabla haijafika."

Tukaukata mkanda kwa kisu cha jikoni.

Mto ulikuwa na mwanya. Niliuona kabla ya yeye kuuona, nikauficha kwa kiganja, kana kwamba ni kidonda cha mtu. Niliingiza vidole viwili, vikatosha. Uzi haukuwa umekatwa wala kuchanika. Mishono yangu ilikuja vizuri hadi pale, ikaishia kwenye fundo, fundo langu, na mbele yake kitambaa hakikuwa na hata tundu la sindano. Kana kwamba sikuwahi kushona. Mama yako aliona majani yakimwagika mezani akaniambia, "Funga hii kitu, Nasimiyu." Nikamwambia si yangu kufunga. Alinitazama sana, kisha akakusanya yale majani moja moja na kuyarudisha ndani.

Nikauleta hapa Bungoma. Nikauweka mezani karibu na dirisha, nikachomeka sindano yenye uzi pembeni mwa mwanya. Sijui nilikuwa nikitegemea nini. Labda nilitaka tu ionekane kwamba nimekuachia nafasi, jinsi mtu anavyoacha kikombe cha ziada wageni wanapokuja.

Siku ya tatu nilikuta mshono wa kwanza. Ulikuwa umeinamia kushoto.

Unanijua mimi. Nafundisha watoto kwamba rangi ikibadilika kwenye chupa kuna sababu. Nilibadilisha kufuli. Niliweka unga kizingitini, na haukuguswa. Jumamosi moja nilikaa mbele ya mto tangu chai ya asubuhi, sikuinuka, na haukufanya lolote. Saa nane nikatoka kusuuza sahani kwenye bomba la uani, hatua saba kutoka mlangoni. Niliporudi kulikuwa na mshono mpya, na sindano ilikuwa ikining'inia kwa uzi wake ukingoni mwa meza, bado inabembea.

Kuna jambo jingine. Wiki iliyopita nikiwaonyesha kidato cha tatu jinsi ya kupima asidi, tone lilinidondokea kidoleni likaniwasha kupita kiasi. Nikatazama. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na vitobo vidogo, vitano au sita. Wewe unajua maana yake. Anayeshona kwa kulia hujichoma kidole cha kushoto, kile kinachongoja sindano chini ya kitambaa. Mimi sijawahi kujichoma kulia. Basi labda ni mimi. Labda ni mimi asubuhi kabla sijaamka sawasawa, nashona kwa mkono usio wangu. Nimejaribu makusudi kwenye kitambaa kikuukuu, kwa kushoto, na mishono imetoka kama miguu ya panzi. Yako kwenye mto imenyooka. Nimeiweka sambamba na ya blanketi na siwezi kuitofautisha.

Sasa nikwambie nililokuja kukwambia.

Mwanya ule unahitaji mishono saba ufungike. Hujawahi kufika minne. Kila unapofika mitatu, mimi nachukua mkasi mdogo naifumua. Nimeifumua mara tano. Naifumua taratibu, natoa vipande vya uzi kwa kibano, nalainisha kitambaa kwa ukucha, narudisha sindano mahali pake na uzi mpya. Kisha naenda kupika. Nilijua vizuri maana yake. Zawadi haijafika kabla aliyepewa hajaifunga, na ikifika, basi, hutakuwa tena na kilichokuleta kwenye meza yangu. Kila jioni nilikuwa nikichagua mshono mmoja kesho yake kuliko kukupumzisha. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni karibu kwa kukimbia. Walimu wenzangu waliniuliza, "Niaje Nasimiyu, umepata mtu?" Nikatabasamu, kwa maana kwa namna fulani nilikuwa nimepata.

Jumapili mama yako alipiga simu baada ya kanisa. Aliuliza habari za kazi, akaniambia wameanza kuvuna, halafu akaniuliza kama mto nimeufunga. Nikasema bado.

"Nasikia akikohoa," alisema. "Mchana, nikianika mahindi. Hakohoi kwa chumba chake. Anakohoa hapo mlangoni, kama mtu amebisha na hajafunguliwa."

Nilisogea mezani, simu sikioni, nikauangalia mto.

"Alikuwa ananiambia wewe utakuja, ati amekungoja. Sasa sijui anangoja nini. Kama kuna kitu yake uko nayo, si umpatie."

Nimekaa na maneno hayo siku nne. Nimewahi kukuambia ungoje nimalize kusahihisha, ukangoja, ukafa ukingoja. Halafu nikakuweka mezani kwangu nikakungojesha tena, na safari hii sikuwa hata na mitihani ya kusingizia. Wewe uliyenivua sweta bila kuitwa. Nilikufungia nje mara ya kwanza kwa haraka yangu. Mara hizi tano nimekufungia nje kwa mkasi.

Kwa hiyo leo nimekuta mishono mitatu na sijaigusa. Mkasi nimempelekea Mama Brayo wa mlango wa pili, nikamwambia akae nao mpaka nitakapouomba. Ameniuliza kama naumwa. Nimeongeza uzi kwenye sindano, urefu wa mkono mzima, ule wa rangi ya kijivu uliokuwa ukiupenda. Nilipoinua mto kuuweka sawa nilihisi kitu kidogo ndani, chini ya majani, kigumu na cha mviringo. Kifungo, pengine. Jana kilipotea kifungo cha juu cha lile sweta, ambalo bado ninalo, ambalo liko ndani ya sanduku lenye kufuli. Sikutia kidole. Kanuni ni kanuni, na hicho ni chako.

Nimehama kutoka mezani. Nimeketi kitandani, uso ukutani, blanketi letu magotini, kama nilivyosimama bweni siku ile huku basi likipiga honi. Nje bado kuna jua. Watoto wa ploti hii ya wapangaji wanacheza, na Mama Brayo anawagombeza kwa kukanyaga nguo zake. Nimeandika ukurasa huu wa mwisho bila kugeuka hata mara moja.

Nilidhani nitakuwa na maneno makubwa ya kukuaga, mimi niliyesoma yote haya. Sina. Asante kwa kiraka. Mpite mama yako polepole ukitoka, amechoka.

Nyuma yangu nasikia uzi ukivutwa. Umenyamaza. Umevutwa tena.

Sigeuki, Wangari. Maliza.

Wako wa mkono wa kulia,
Nasimiyu