Wavu Wako Ukutani

Kalemie, Jumapili, 14 Julai 1985

Papa yangu,

Watu wanasema marehemu wanaona yote. Mimi sina hakika, kwa hiyo nakuandikia.

Mchanga ambapo ulikuwa ukivuta mtumbwi wako si wetu tena. Tangu tulipokuzika, mwenye hoteli amezungusha kamba kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye majabali. Ndani kuna viti vya kulalia na wageni wa Lubumbashi. Sisi wanawake wa kuanika ndagala tumesukumwa nyuma ya reli, samaki wanakauka na vumbi la makaa. Msimamizi wake alituambia, "Bamama, harufu yenu inafukuza wageni." Mama Feza, jirani yetu, akamujibu, "Na jana uliwapikia nini, maua?" Tulicheka, Papa, lakini tulihama.

Hilo ningelivumilia. Wavu wako, hapana.

Tuliuacha juu ya dari ungojee siku ya kuondoa matanga, ndipo Kaka Kasongo auingize majini, kama ulivyofanya na wa Babu. Mwezi uliopita nilipeleka samaki wa mikebuka jikoni kwa hoteli, nikapita kwenye baa. Ukutani, juu ya chupa, kulikuwa na wavu umepigiliwa misumari, umebandikwa nyota za bahari za plastiki. Ziwa letu limejua lini nyota za bahari? Nilidhani ni wa mtu mwingine. Halafu nikaona pembeni kitambaa cha bluu, kile ulichokata kwenye sketi yangu ya shule, ukakifunga ili mkono wako uujue wavu hata gizani.

Ni Kaka aliyewapa. Alisema, "Dada, hiyo njo heshima. Watu wote wanamutazama Papa." Hawakutazami. Mgeni mmoja alikuwa ametundika miwani kwenye matundu yako, matundu uliyoyafuma kila mwezi ulipokuwa mpevu na nyavu zinapumzika, umeshika uzi kwa kidole cha mguu, ukisema, "Fundo baya, samaki wanaambiana."

Jana nilirudi na Mama Feza. Nilipanda juu ya kiti, nikang'oa misumari kwa koleo, wageni wakitazama. Msimamizi akadai karatasi ya kuonyesha wavu ni wa nani. Nikatoa sketi yangu kwenye kitenge, nikaweka pengo lake karibu na kitambaa. Vililingana. Kaka, aliyekuwa amekuja mbio kunizuia, akainama akaanza kuukunja.

Misumari imeutoboa vibaya. Naushona hapa ninapoandika, uzi kwenye kidole cha mguu, na mafundo yangu bado si kama yako.

Jumamosi tunaondoa matanga. Kaka amekubali: tutapita chini ya kamba yao, katikati ya viti vyao, mpaka pale pako. Hapo ndipo wavu utaingia majini, si pengine. Nakuahidi.

Lala salama, Papa. Siku hiyo, unikumbuke.

Binti yako,
Ngoie