Binti Yangu Anaogopa Chakula Changu

Mpendwa mshauri, pokea salamu za nyumba nzima. Baba watoto hajambo, yupo kibandani kwake anatengeneza baiskeli, mama mkwe hajambo ila magoti, kifungua mimba wangu fundi cherehani hajambo, anashonea hapa hapa sebuleni, mimi ni mzima wa kusimama tu, ila kitindamimba wangu wa kike ndiye anayeniliza.

Naomba msaada, binti akila anawashwa mwili mzima na midomo inavimba, daktari akasema ni histamini, kitu kilichomo kwenye vyakula ambacho mwili wake haukiwezi, akataja vya kula na vya kuacha mbio mbio, mimi darasa langu dogo nikashika kimoja tu, kwamba mchicha anaruhusiwa, basi nikampikia kwa moyo wote, sufuria kubwa jioni maana alfajiri nawahi kufagia maofisini, yeye mchana anapasha anakula, nao naupika vizuri, naukaangia nyanya na kutia samaki mkavu kidogo bibi yake asinune, lakini binti akazidi kuwashwa, jirani akanijia juu, "Mwenzangu, mchicha na spinachi si kitu kimoja? Na spinachi ina hiyo histamini tele! Unamuua mwanao!" nikauacha, sasa anakula wali mtupu, amekonda mpaka gauni linamvuka begani, na jana nilipomsogezea sahani akairudisha, "Mama, nisamehe, chakula chako nakiogopa," mshauri, mimi niliyemlisha tangu hana meno, sina tena la kufanya, nalia kwenye beseni la nguo wasinione. Nijibu upesi, kifungua mimba atanisomea.

*Jibu:*

Pole sana mama, ila ngoja nikufokee. Nyanya, samaki mkavu, kiporo! Umevitaja mwenyewe ukapita kama hukuviona. Histamini imejaa humo, na chakula kikilala inazidi. Mchicha si spinachi, umesingiziwa, na jirani aache udaktari.

Rudi na binti kwa daktari, muulize tena polepole hata akiangalia saa. Siku midomo ikivimba na pumzi ikabana, usiniandikie mimi, mkimbize hospitali.

Akikubali daktari, mchicha mbichi upikwe siku hiyo hiyo ya kuliwa, kidogo, mafuta na chumvi, uliwe uishe. Bibi awe na sufuria yake. Na wewe fundi cherehani unayesoma hapa, mikono yako inajua sindano tu? Mchana pika wewe.

Mama, usimsogezee binti sahani tena. Mwite jikoni, aoshe majani, aone kila kinachoingia sufuriani. Asipokula leo, usimlilie. Kesho mwite tena, umwachie mwiko.