Mtu wa Boila Katika Darasa la Kukumbuka

Kwako mdogo wangu,

Mimi kaka yako nina miaka sitini na tatu. Mabosi wanne wamekuja wakaondoka wakaniacha, maboila mawili yamekufa mikononi mwangu, nimemzika baba, mama na mke, na meno ya juu yote yamenitangulia. Mimi bado nipo, na ngazi ya boila napanda bila kushika chuma. Salamu nakuletea. Hali yangu ni nzuri. Yako siijui, maana miaka kumi na moja sijaiuliza na wewe hukuuliza yangu. Shemeji nisalimie. Kama bado ananitukana, basi afya anayo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usiseme nimeandikiwa. Mwandiko huu unaujua, darasa la tatu halina mwandiko mwingine. Wala usidhani nimeshikwa na mapenzi uzeeni. Nimeandika kwa sababu ya ujinga wa wakubwa wa kiwanda chetu cha kufulia.

Alianza dereva, yule mnene wa gari la nguo. Alipeleka shuka za hospitali hotelini, na vitambaa vya meza vya hoteli akavishusha wodi ya wazazi. Badala ya kumwambia avae miwani, meneja akatangaza kwamba sote tuliopita miaka hamsini tutafundishwa kukumbuka, kila Jumatano saa nane mchana, wiki sita, na atakayeshindwa mtihani wa mwisho atapumzishwa. Kupumzishwa, alilitamka kama anagawa peremende. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mimi nilikuwa nawasha boila yeye ananyonya. Akasema mzee, huu ni utaratibu tu. Hawa wakitaka kukuzika ukiwa hai husema ni utaratibu.

Wakatukusanya kumi na wawili katika chumba cha kukunjia shuka. Mwalimu ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, ana sauti ya kubembelezea wagonjwa. Alitandaza picha mezani, kijiko, punda, ngazi, mwavuli na nyingine, akazifunika, akasema tuzitaje. Dereva alilikosa neno mwavuli na wake unaning'inia kwenye kiti alichokalia. Mimi nilizitaja zote ishirini, kisha nikazirudia kutoka mwisho kuja mwanzo bila kuombwa. Akanisifu kama mtoto aliyemaliza uji. Akatufundisha pia kwamba ukitaka kukumbuka vitu, tembea nyumba yako kichwani, kila chumba uweke kitu kimoja. Nikamwambia mimi sihitaji nyumba, mabomba ya boila yanatosha kuupanga ukoo wetu wote mpaka wajukuu wa shangazi, na nafasi ikabaki.

Jumatano ya sita ukaja mtihani. Kila mtu asimulie siku moja ya kazi ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, tangu kuingia getini mpaka kutoka, na waliokuwepo wakubali au wakatae. Mama Pasi, unamkumbuka, alisimulia siku pasi kubwa ya umeme ilipoletwa, akasimulia vizuri. Dereva akasimulia siku tairi lilipopasuka, wenzake wakamwambia si tairi hilo. Nikaona huyu anatuaibisha wazee wote. Nikasimama. Nilitaka siku ambayo hakuna mwingine angeweza kuishika yote, nikachagua siku lile boila la zamani lilipopasuka.

Nilieleza kama nasoma. Nikasema mvua ilianza alfajiri na bawabu alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Nikasema saa mbili kasoro robo bomba la maji lilikuwa linavuja, nikafunga koki, nikalizungushia kamba ya katani na rangi. Bosi wa wakati ule akaniita, tukagombana juu ya zamu ya Jumapili, nikarudi nimefura. Nikasema wewe, msaidizi wangu, ulikuwa na kiberiti mkononi, ukaniuliza kama maji nimeshayafungulia, nami nikakujibu bila kugeuka kwamba nimefungulia, washa. Nikasema koki ilikuwa bado imefungwa, mpini umelala kushoto, na boila halina maji. Nikaendelea, kwa raha zangu, mpaka rangi ya ndoo iliyokuwa mlangoni.

Nilipomaliza nikangoja makofi. Mama Pasi alikuwa anavuta mkono wa blauzi kufunika lile kovu la mvuke wa siku ile. Akauliza, taratibu, kama mbele ya tume iliyochunguza ajali ile sikusema kwamba sikumbuki.

Nilisema hivyo, mdogo wangu. Waliniuliza nani alifunga koki, nikasema sikumbuki. Wakaniuliza kama nilikwambia uwashe, nikasema sikumbuki, na wewe umesimama pale umeikunja kofia yako mkononi. Nilikuwa nakumbuka kila kitu, siku ile na kila siku baada ya ile. Wakakufukuza wewe. Nikajiambia una nguvu, utapata kazi nyingine, na hukupata, maana nani amwajiri mtu aliyemchoma mwenzake kwa mvuke. Msibani kwa mama tulikaa pande mbili, nami nikanuna kukuzidi. Mwenye kosa hununa vizuri kuliko mwenye haki.

Jumatatu meneja akaniita. Mezani ana karatasi mbili. Ya kwanza ilisema mzee ana tatizo la kumbukumbu, amechanganya siku, na ataagwa kwa heshima na kiinua mgongo chake. Ya pili ilisema niliyosimulia ni kweli, na kwamba natoka getini siku hiyo hiyo mikono mitupu. Akanisogezea ya kwanza na kalamu juu yake, akasema hakuna atakayenilaumu, uzee ni uzee. Mimi, nichanganye siku? Nikasaini ya pili, jina zima, nikaibonyeza mpaka kalamu ikatoboa. Usinishukuru. Alitaka kuniita msahaulifu kwa maandishi.

Nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Ipeleke popote walipokukatalia. Na wewe una lako, usijitie utakatifu. Kioo cha kupimia maji kilikuwa mbele ya pua yako, ungekitazama. Hukukitazama kwa sababu aliyekwambia alikuwa kaka yako.

Wasalimie watoto, ambao sijui sasa wana urefu gani. Mimi nipo nyumbani, mlango ni ule ule, na zamu sina tena. Ukija, njoo. Usipokuja nitajua ni wewe yule yule mwenye kichwa kigumu, tumekichukua kwa mzee mmoja.

Shemeji akisema nimetunga, kamuulizeni yule binti mwalimu, ameniandikia ishirini kwa ishirini na saini yake ipo. Kamuulizeni Mama Pasi, ambaye miaka yote hii alikuwa anavuka barabara asipokee salamu yako, na sasa anavuka akiniona mimi. Wa tatu ni wewe. Uliyasema haya haya mbele ya tume, neno kwa neno, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka ulipo, nasikia.

Ni mimi kaka yako,
mtu wa boila.